Mwaka wa Chupa za Gazeti

Tulimzika Mama Dorina huko Kendu Bay mwezi uliopita, na wasifu wake uliposomwa niliusikiliza kama mtu anayesubiri kutajwa. Mpwa wake alisoma kwamba marehemu alikuwa fundi cherehani wa kutegemewa pale Homa Bay, na kwamba alilitumikia kanisa lake kama shemasi kwa miaka ishirini na miwili mfululizo. Haikuwa mfululizo. Mwaka mmoja kati ya hiyo aliketi kwenye benchi la nyuma, mikono mapajani, wenzake wakiandaa meza, na mwaka huo niliuondoa mimi. Boke, aliyekuwa kwenye kiti cha plastiki kando yangu, aliniona navuta pumzi akanibonyeza goti. "Usianze," akaninong'oneza. Ananiambia neno hilo tangu tukiwa chuo kikuu. Ng'ambo ya hema aliketi Ochieng, amenenepa, ndevu zimeanza kuingia mvi, na macho yetu yalipokutana aliinua mkono kidogo kama mtu aliyeshika bilauri. Niliporudi nyumbani nikaanza kuandika haya. Nimeyafuta mara nne.

Mwaka ninaousema nilikuwa na shahada ya takwimu na kazi ya kufundisha hisabati Migori, kwa mkataba wa muhula kwa muhula, katika shule iliyokuwa chini ya kanisa fulani. Chumba changu kiliwahi kuwa ghala la tumbaku. Walikuwa wamekipiga chokaa, lakini siku za joto harufu ya majani makavu ilitoka ukutani na kukaa nami kitandani kama mgeni. Katika chumba kile sikuweza kutulia. Mwalimu mkuu akinisalimia kwa kifupi asubuhi, hadi jioni nilikuwa nimeshapanga nitakachosema nitakapofukuzwa. Kwa hiyo kila Ijumaa nilikimbilia Homa Bay, kwa Boke, aliyekuwa muuguzi na aliyepanga vyumba viwili katika ploti ya Mama Dorina. Hapo kulikuwa na watu, na kelele za cherehani, na karai la mafuta likilia. Nikiwa hapo mawazo yangu yalilazimika kungoja zamu.

Chupa ya kwanza ya mvinyo Boke aliletewa na baba mmoja aliyepata mapacha. Tuliifungua Jumapili baada ya chakula, sisi watatu, maana Ochieng, aliyekuwa akitengeneza injini za mashua ufukweni, alikuwa jirani hapo kwenye ploti na hakuwahi kukosa kusikia sahani zikipangwa. Hatukuwa na kifungulio. Ochieng alikita skrubu kwenye kizibo, akaivuta kwa koleo, akamimina kwenye vikombe vya chai. Tukanywa.

"Hii imeharibika," Ochieng akasema. "Tuongeze soda."

Nikasema, kwa kuwa nilikuwa nimesoma kwenye simu, kwamba mvinyo mwekundu huachwa kwanza upumue.

"Upumue? Kwani hii waini iko na mapafu?"

Boke alisoma karatasi ya chupa kwa sauti: cheri, mwaloni, vanila. Kati yetu hakuna aliyewahi kula cheri, na mti wa mwaloni hatukuwa tumeuona. Tulikuwa bado tunabishana ndipo Mama Dorina alipofika mlangoni na sare ya Boke mkononi, ile aliyokuwa amempunguzia kiuno. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye tepu ya kupimia shingoni, hata siku ambazo hakuwa na wa kumpima. Akasimama. Akauliza nani ana zambarau ndani.

"Hakuna zambarau, mama," Boke akasema.

"Ziko. Zile za kuanguka, zimekanyagwa na watoto." Akanyoosha shingo kuelekea mezani. "Na tumbaku ikiwa bado inaning'inia kwenye banda."

Boke ni Mkuria. Kwao wamelima tumbaku tangu hajazaliwa. Alikunywa tena, akakiweka kikombe chini polepole. "Ni kweli, jamani," akasema. Nami niliyekuwa nikilala ndani ya harufu ile kila siku sikuwa nimeitambua.

Ochieng alimsogezea kikombe. "Onja basi, mama, utuambie vizuri."

"Mimi ni shemasi, omera, ndugu yangu. Sionji."

"Lakini umenusa."

"Pua haikuapa kitu," Mama Dorina akasema, akavuta stuli, akaketi. Kanisa lake liliabudu Jumamosi na pombe ya aina yoyote ilikatazwa. Hilo tulilijua sote. Jumapili kwake ilikuwa siku ya kazi, na tangu siku ile saa nane za Jumapili aliizima cherehani.

Kanuni zilitoka kwa Ochieng. Kila juma mmoja alete chupa, na chupa ifungwe kwa gazeti na mpira, mtu asije akasifu bei au picha. Na asiseme yeyote neno la kitu ambacho hajawahi kula au kunusa mwenyewe. Mimi nilikuwa mwandishi. Daftari lile bado ninalo: mvinyo mweupe wa Boke, "pera bichi, na maji ya bomba asubuhi", ule wa kwenye boksi alioupenda Ochieng, "ukwaju, kamba ya katani." Kuna ukurasa mmoja mzima kuhusu siku tuliyojaribu mvinyo mwekundu na omena, wale dagaa wa ziwani, ambapo Ochieng alitema mlangoni akasema amelamba plagi ya injini. Boke alisema hilo si kosa la waini, ni kosa la omena. Walibishana hadi ugali ukapoa. Mwishowe tukajua kwamba samaki mbuta wa kukaanga hupatana na mweupe wenye baridi, kwamba nyoyo ya mahindi na maharagwe hupatana na chochote, na kwamba mvinyo uliotutisha mwezi wa kwanza tuliulilia mwezi wa tano. Ninapolifungua daftari hilo sasa naona jambo ambalo sikuliona wakati ule. Maneno ya Boke yamo, ya Ochieng yamo, ya Mama Dorina yamejaa. Yangu hayamo. Nilingoja wote waseme, kisha nikakubaliana nao kwa maelezo marefu.

Hata nilichokipenda sikukisema. Nilikuwa nimesoma kwamba watu wanaojua hupenda mvinyo mkavu, basi nikawa mpenzi wa mvinyo mkavu, na ule mtamu wa rangi ya waridi, ambao Ochieng aliuita juisi ya arusi, niliusemea vibaya kwa dakika nzima. Mama Dorina alikuwa akiuma uzi. "Mwalimu," akasema, "hiyo juisi ya arusi umeimaliza. Hiyo kavu umeishika tangu saa nane, mpaka imepata joto la mkono." Wakacheka, nami nikacheka, na usiku nikakaa macho nikijiuliza kama walikuwa wakinicheka mimi au neno lenyewe.

Boke alikuwa na kaka aliyeishi Isebania, mpakani, na siku moja alituletea mvinyo kutoka ng'ambo ya mpaka, wa zabibu za Dodoma. Mwekundu, mzito, wa kawaida tu kwa kuuona. Mama Dorina aliinamia bilauri muda mrefu kuliko siku zote. Alisema ni pasi ya makaa ikipita juu ya kitambaa kilichonyunyiziwa maji. Ule mvuke wa kwanza, kabla kitambaa hakijakauka. Kisha akasema, bila kututazama, "Hii, kama ningekuwa mtu wa kunywa, ndiyo ningekunywa." Boke na Ochieng waliendelea na maneno yao. Mimi nilibaki na sentensi ile. Niliipeleka Migori, nikairudia darasani nikiwa nimewapa wanafunzi zoezi, nikaamua kwamba zamu yangu ikifika nitamletea ule ule. Mtu aliyekuwa hajui anapenda nini, angalau alijua mwingine anapenda nini. Nilidhani huo ni wema. Huenda ulikuwa.

Zamu yangu ilifika juma moja na Meza ya Bwana katika kanisa lake, ambayo kwao huja mara moja kila miezi mitatu. Kwa kuwa hawatumii divai, mashemasi huchemsha zabibu kavu, huyachuja maji yake na kuyatia kwenye chupa safi, na safari hiyo ilikuwa zamu ya Mama Dorina. Chupa alizozipata ni zetu, tulizokuwa tumezimaliza. Aliziosha kwa maji ya moto mara tatu, lakini karatasi za kampuni ziligoma kubanduka, na shemasi hawezi kuingia kanisani na chupa ya waini mkononi. Akazifunga kwa gazeti, akazikaza kwa mpira, kama alivyotuona tukifanya. Akaziweka kwenye friji yake, ambayo ndiyo ilikuwa friji pekee katika ploti na ndimo sote tulimoweka vitu vyetu.

Nilifika Ijumaa jioni kutoka Migori. Alikuwa akikimbizana na jua, maana kazi zote lazima ziishe kabla halijazama na Sabato kuanza. "Weka mwenyewe, nyathina, mwanangu," akaniambia, mguu ukiwa kwenye cherehani. "Friji haina mlinzi." Nikaikuta imejaa samaki, na chupa mbili za gazeti zimelala rafu ya chini. Nikajua moja ni ya Boke na nyingine ya Ochieng, wamezileta mapema; nilijua hivyo bila kumuuliza mtu. Nikaiweka yangu nyuma ya hizo. Nikafunga mlango. Kisha nikafikiri: ikiwa nyuma itafunguliwa mwisho, wote wakiwa wamechoka. Nikafungua, nikaivuta mbele. Nikafikiri tena: ikiwa mbele nitaonekana najisukuma. Nikaiweka katikati. Hayo yote nilimfanyia mama aliyekuwa hatua tano kutoka nilipo, ambaye ningeweza kumuuliza kwa maneno manne.

Asubuhi ya Jumamosi alichukua mbili za mbele.

Jumapili nilifungua gazeti la chupa iliyobaki, nikamimina, na Ochieng akawa wa kwanza kunywa. Akaniangalia kwa huruma. "Mwalimu, hii ni dawa ya kikohozi?" Yalikuwa maji ya zabibu, matamu, ya kuchemshwa, yenye harufu ya sufuria. Mama Dorina alikuwa amekwisha kuketi kwenye stuli yake, na alinisubiri hadi nilipomtazama.

"Ya kwanza ilikuwa yangu," akasema. "Ya pili nilipoifungua kule chumba cha nyuma, kabla sijamimina, pasi ikapita mbele yangu. Nikaifunga. Nikamwambia mwenzangu, hii haifai mezani. Tukaongeza maji kwenye ile nyingine, kila mtu akapata kidogo. Imeisha."

"Hawakuuliza?" nikasema.

"Walidhani imeharibika. Zabibu huharibika." Akaivuta bilauri yenye maji yake ya zabibu, akayanywa yote. "Sasa nani ana chupa ya kweli?"

Boke alikwenda kutafuta. Ochieng alicheka hadi akatoa machozi, na Mama Dorina naye, mwishowe, akaficha kinywa kwa tepu ya kupimia. Mimi sikucheka. Nilirudi Migori na jambo hilo kichwani. Jumatano Boke alinipigia, na katikati ya mambo mengine akasema wazee wa kanisa wamemwita Mama Dorina afike mbele yao Jumapili asubuhi.

"Kwa nini?"

"Kueleza hiyo chupa. Ni utaratibu wao, kitu kikiharibika mezani. Ataambiwa achemshe vizuri. Akinyi, usianze."

Nilianza. Ninajaribu leo kuwa mkweli kuhusu siku zile nne, kwa sababu nilipokuwa ndani yake zilionekana kama ushujaa. Nilimwona mama wa watu akisimamishwa mbele ya wanaume, akishindwa kujitetea ili asinitaje. Niliandika barua saba. Nilijua pia kwamba habari zikifika shuleni huenda nikapoteza kazi, na wazo hilo, badala ya kunizuia, lilinitia nguvu. Nilijiona mtu anayelipia kosa lake. Sikumpigia simu. Nilijiambia kwamba nikimpigia atanizuia, na kunizuia kwake kutakuwa ni wema tu. Kila kitu nilikijibu mwenyewe. Kwa habari ya kazi, hakuna aliyeniuliza lolote Migori, siku ile wala baadaye.

Jumapili nilifika kanisani bila kupitia kwenye ploti. Kile chumba cha nyuma kilikuwa na dirisha wazi, na chini yake benchi. Nikakaa hapo kupanga maneno. Niliwasikia ndani. Mzee mmoja alikuwa akieleza habari za arusi fulani, mwanamke akacheka, kikombe kikagonga kisahani. Kisha mzee yule akasema, "Haya, mama, mara nyingine usiache zabibu zilale na maji usiku. Tuombe tuende." Ningekuwa mtu mwingine, hapo ningenyanyuka niende zangu. Nilisikia wakisogeza viti. Nikaona kwamba wanamwacha na lawama ya uzembe ambao hakuufanya, mwanamke aliyeosha chupa mara tatu, na nikaingia.

Walikuwa wameshafumba macho. Walikuwa watano, wazee watatu na mashemasi wawili, na Mama Dorina amesimama na kitambaa cheupe cha ushemasi kichwani. Aliyefumbua macho kwanza ni yeye. Alitikisa kichwa, mara moja, polepole. Nililiona hilo. Nimelifikiria kwa miaka sita na siwezi kusema sikuliona.

Nikasema chupa ilikuwa yangu. Mzee akafumbua macho akaniuliza chupa gani. Nikaeleza. Nikaanza na Isebania, nikaja kwenye gazeti, nikaja kwenye friji, rafu ya chini, nyuma, mbele, katikati. Nilisema mama hana kosa lolote, hakujua kabisa hadi aliponusa.

"Aliponusa," mzee akasema. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa na sauti ya mtu anayemsaidia mtoto kumaliza hesabu. "Sisi tulielewa yameharibika tu. Kumbe ilikuwa pombe?"

"Waini, mzee. Lakini yeye hajawahi kuonja."

"Na mtu ambaye hajawahi kuonja anaijuaje?"

Hapo ningenyamaza. Badala yake nilimweleza, ili aelewe usafi wake. Nikamwambia habari za Jumapili zote, za stuli, za saa nane, kwamba sisi hunywa na yeye hunusa tu, na kwamba ana pua kuliko sisi sote, ametufundisha kila kitu tunachokijua. Nilimsifu. Niliendelea kumsifu hata baada ya shemasi mmoja kujifunika uso kwa leso.

"Dorina," shemasi yule akasema kwa sauti ya chini, "ni hivyo?"

"Ni hivyo," Mama Dorina akasema. "Kila neno."

Waliniomba nitoke. Haikuchukua muda. Alipotoka kile kitambaa cheupe alikuwa amekikunja mraba, pembe kwa pembe, kama anavyokunja kazi iliyokwisha. Walikuwa wamempumzisha huduma mwaka mmoja, na Jumamosi itatangazwa mbele ya washiriki wote. Tulitembea hadi kwenye kona ya ploti. Nilianza kuomba msamaha na maelezo yake, akaniwekea mkono begani, si kwa upole wala kwa ukali, kama anavyomshika mteja asiyetulia akipimwa.

"Umesema kweli tupu. Siwezi kukasirikia kweli," akasema. "Lakini ungeniuliza."

Akaingia ndani. Cherehani ikaanza kulia.

Jumapili iliyofuata sikutaka kwenda, na Boke alinipigia simu akasema nisipokuja ataniletea chupa Migori animwagie kitandani. Nilipofika Mama Dorina alikuwa kwenye stuli yake. Alikuwa ametangazwa jana yake. Alisema walimtangaza vizuri, jina kamili, na kwamba benchi la nyuma lina upepo kuliko la mbele. Ilikuwa zamu ya Ochieng. Alifungua, akamimina bilauri tatu, akasita, kisha akamimina ya nne na kuisukuma mbele ya Mama Dorina. Nadhani sote tulikuwa tumefikiri jambo hilo hilo.

"Sasa hakuna tena cha kukukataza, mama," akasema.

Mama Dorina aliitazama ile bilauri. "Omera, unadhani niliacha pombe kwa sababu ya kitambaa cha kichwa?" Akaisogeza kando, taratibu, isimwagike, hadi ikafika mbele yangu, ikasimama karibu na nyingine niliyokuwa nayo. Ochieng akainamisha kichwa. Boke akaanza kukata limau ambalo hakuna aliyeliomba.

Daftari lilikuwa wazi gotini, kalamu tayari. Nikangoja, kama kawaida yangu, aseme ananusa nini.

"Leo anza wewe," Mama Dorina akasema. "Juma lote nimesemewa. Nimechoka."

Nikaweka kalamu chini. Nikanusa. Nilitafuta zambarau, nikatafuta ukwaju, pera, kamba, vyote alivyotupa yeye, na nikaona hakuna hata kimoja ninachoweza kuapa kwamba kimo. Wote watatu walikuwa wakinitazama.

"Sijui," nikasema, na sikuongeza neno.